Masika ya Moshi, Msimu wa Kufua Slipingi

Mwezi wa Aprili mlima hauonekani kutoka Moshi mjini. Mawingu yanakaa juu ya migomba ya Kibosho na Old Moshi tangu alfajiri, mvua inapiga mabati usiku kucha, na wageni wa kupanda ni wa kuhesabu. Waongozaji wamerudi kwenye vihamba vyao kupalilia kahawa. Magari ya utalii yamefunikwa maturubai. Ukimwambia mtu wa Dar kwamba unakwenda Moshi masika, atakuuliza umefiwa na nani. Mimi nilikwenda kwa sababu ya slipingi.

Mfuko huo wa kulalia niliupata soko la Karume, Dar, kwenye meza ya mitumba, umefukiwa chini ya mapazia na makoti ya mvua. Muuzaji mwenyewe hakujua anauza nini. Ulikuwa wa rangi ya bluu, mpana mabegani na mwembamba miguuni, una kofia ya kukazwa kwa kamba, na ndani umejazwa manyoya ya bata bukini. Lebo ilikuwa imefutika nusu. Zipu ilikuwa ikifungwa mbele inaachia nyuma, upande wa miguuni palikuwa na mchaniko wa urefu wa kidole, na ukiutikisa manyoya meupe yanaruka hadi kwa jirani muuza viatu. Bei ilikuwa ya blanketi la kawaida, nikalipa. Nilikuwa nimeshapanga kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame kiangazi kikiingia, na rafiki yangu aliyewahi kuwa mgumu (wapagazi wa mlima ule hujiita wagumu, na hakuna anayewabishia) alinikataza kumpa fundi yeyote wa Dar. "Nenda Moshi masika," aliniambia. "Wakati huo ndio wanafua."

Njia yenyewe haina jipya la kusimulia: Chalinze, Segera, mkonge wa Korogwe, upepo wa Same, kisha miwa ya TPC ikijitokeza upande wa kushoto na harufu ya mvua ikiingia dirishani. Abiria wa kiti cha pili alinunua vitunguu Mombo na kuviweka juu ya slipingi yangu. Sikusema kitu; ilikuwa inakwenda kufuliwa.

Stoo niliyoelekezwa iko mtaa wa Soweto, nyuma ya nyumba ya mwenye kampuni ya kupandisha watu mlimani. Ni chumba kirefu chenye harufu ya sabuni, turubai na soksi. Mahema yamekunjwa upande mmoja, viatu vimepangwa kwa namba upande mwingine, na juu, kwenye mabomba yaliyotoka ukuta hadi ukuta, zinaning'inia slipingi, nyekundu, kijani, nyeusi, zote zimelegea. Hakuna hata moja iliyokuwa ndani ya kifuko chake. Vifuko vilikuwa kwenye ndoo, peke yavyo.

Msimamizi wa stoo ni mama wa makamo ambaye kila mtu pale, hata mwenye kampuni, anamwita dada. Alinipokea slipingi, akaitandaza mezani, hakuigusa tena. Akanipa chai. Baada ya muda akarudi, akasimamisha kiganja juu yake na kupima unene kwa shubiri.

"Haijainuka," alisema. "Hii imetoka kwenye robota, siyo? Wameibana kwa mashine huko Ulaya, imekaa melini miezi, imekuja kufunguliwa Dar. Manyoya yamelala. Lakini hayajafa."

Hapo ndipo maelezo yake yote yalipoanzia, na nimeona tangu wakati huo kwamba asiyeelewa jambo hili hawezi kuelewa lingine lolote kuhusu kitu hiki. Slipingi haina joto lake. Joto ni la aliyelala ndani. Kazi ya manyoya ni kushika hewa isitembee, na hewa iliyotulia haipitishi joto kwa urahisi. Unene ndio kila kitu. Manyoya ya bata bukini yanayofaa si yale ya mbawani yenye mti katikati, ni malaika ya kifuani, vijitufe vyenye nyuzi zinazokwenda kila upande. Watengenezaji hupima ubora wake kwa nafasi ambayo aunsi moja inaweza kujaza, kwa inchi za ujazo: 600 ni ya kutosha, 800 na kuendelea ni ya wenye pesa. Chochote kinachoyalaza manyoya hayo, iwe jasho, mafuta ya mwili, unyevu au kubanwa muda mrefu, kinaiba joto la usiku.

Ndiyo maana zile za dada zinaning'inia. Kifuko kidogo ni cha safarini tu. Nyumbani slipingi inatundikwa, au inatiwa ndani ya gunia pana la pamba mahali pakavu. Zenye sufi ya poliesta, ambazo stoo ile inazo nyingi kuliko za manyoya, ndizo zinazoumia zaidi kwa kubanwa: nyuzi zake zikishavunjika hazirudi. Faida yake ni kwamba zikilowa bado zinakupa joto kidogo na zinakauka upesi, wakati manyoya yakilowa yanakuwa madonge na hayakupi chochote. Kwa mlima unaoanzia kwenye msitu wa mvua, hilo si jambo dogo.

Kabla ya kufua, dada alizima taa, akaingiza tochi ndani ya slipingi yangu na kuiwasha. Nikaona mifupa yake. Ndani kuna vyumba vilivyotenganishwa kwa vitambaa vyembamba vya wavu, ili manyoya yasikimbilie upande mmoja. Vyumba vingi vilikuwa na kivuli kizito. Vitatu karibu na magoti vilikuwa vyeupe kabisa, mwanga unapita bila kizuizi. "Hapo ungelala na baridi na usijue inatoka wapi," alisema. Manyoya yalikuwepo, yamesukumwa kwenye kona na kushikana kwa uchafu.

Kufua kwenyewe kulichukua asubuhi nzima. Kwanza mchaniko ulizibwa kwa kiraka cha muda, maana ukiingiza majini kitu kilichotoboka utafua bwawa la manyoya. Beseni kubwa la maji ya uvuguvugu, sabuni ya maji isiyo kali, kidogo sana. Sabuni ya unga hairuhusiwi karibu na meza ile: inaondoa mafuta ya asili ya manyoya, na manyoya yasiyo na mafuta yanakatika. Dawa ya kulainisha nguo ndiyo mbaya zaidi. Slipingi inakandamizwa kwa viganja, haikamuliwi kwa kusokotwa, haipigwi kwenye jiwe. Vijana wawili wanaomsaidia walikuwa wanaikanyaga taratibu kwa miguu mitupu, wakizungumza habari za mpira. Maji ya kwanza yalitoka rangi ya chai ya rangi. Wakasuuza, wakasuuza, wakasuuza tena, mpaka ukikandamiza hakuna povu hata tone.

Kisha likaja jambo ambalo nililiona ni la hatari kuliko yote: kuitoa majini. Manyoya yaliyolowa ni mazito ajabu, na ukiinua slipingi kwa kofia yake, uzito wote unashukia kwenye zile kuta za wavu za ndani, nazo zinachanika. Ukuta wa ndani ukichanika, hakuna fundi wa kuushona bila kufumua kitu kizima. Vijana waliingiza mikono yao chini, mmoja huku mwingine kule, wakainyanyua pamoja kwa usawa na kuilaza juu ya chekecheke la mianzi ichuje. Ilinuka bata. Manyoya ndani yalikuwa madonge kama ugali uliopikwa na mtu mwenye haraka.

Kukausha ndiko kunakotenganisha stoo na stoo. Mjini Moshi wapo madobi wenye mashine za kukaushia, na dada huzitumia umeme ukiwepo: moto mdogo kabisa, na mipira ya tenisi ndani ili ipigepige madonge. Umeme usipokuwepo, inakuwa kazi ya vidole. Slipingi inatandazwa kwenye kivuli chenye upepo, inageuzwa, na kila anayepita anasimama kidogo, anatafuta donge kwa vidole na kulichambua. Masika inachukua siku kadhaa. Mtu mwenye haraka huona kitambaa cha nje kimekauka akadhani kazi imekwisha, kumbe katikati ya donge mna maji, na baada ya wiki slipingi inanuka uvundo usiotoka tena. Dada ana kipimo chake: anaweka shavu. Penye ubaridi bado pana unyevu.

Yangu ilipokauka ilikuwa imevimba hadi nikashindwa kuikumbatia kwa mkono mmoja. Alipima tena kwa shubiri, hakusema kitu, akatabasamu tu.

Zipu alikataa kuigusa. "Hiyo ni ya mzee," alisema, akanielekeza mjini, kibaraza kimoja karibu na soko, ambako mafundi cherehani wamekaa mstari mmoja na mashine zao za kukanyaga. Mzee huyo hashoni magauni. Anashona mahema, mabegi ya mgongoni na zipu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Lete tuone."

Hakunitazama mimi, alitazama zipu. Alivuta kile kichwa chake kinachopanda na kushuka, akakirudisha, akakigeuza kuonesha nyuma. Palikuwa na namba ndogo, 8. Watu wengi, aliniambia, wakiona zipu inaachia hudhani meno yameisha, wanamwambia fundi aondoe zipu nzima aweke mpya. Kwa slipingi ya manyoya hiyo ni kumfungulia ndege kizimba, kwa sababu unafumua mshono wote wa ubavuni. Meno ya nailoni huchakaa polepole sana. Kinachochakaa ni kichwa: vumbi la mlimani, ambalo ni la volkano na ni kali, linasugua chuma mpaka nafasi ya ndani inapanuka, na meno yanapita bila kubanwa.

Alianza kwa mswaki na maji, akasafisha meno yote kuanzia juu hadi chini. Kisha akachukua koleo ndogo, akabana kichwa upande wa kushoto, kidogo, halafu upande wa kulia, kidogo vilevile. Ukibana mno kinavunjika au kinakuwa kigumu kutembea. Akajaribu. Zipu ikafunga, lakini ilipofika kwenye magoti ikaachia tena. Hakujisumbua zaidi. Alifumua mishono michache kwenye ncha ya chini, akakitoa kichwa kizee, akavuta kopo lililojaa vichwa vya zipu vya kila aina vilivyotolewa kwenye mabegi yaliyokufa, akatafuta namba 8. Namba isipolingana ni kazi bure, hata kama kwa macho vinafanana. Alikiingiza, akasawazisha pande mbili, akashona kwa mkono nyuzi kadhaa nene kuvuka meno kwenye ncha, ili kichwa kisitoke tena, akamalizia kwa kusugua kipande cha mshumaa juu ya meno yote. Zipu ikapanda kwa kidole kimoja.

Kulikuwa na mchaniko bado. Nilitegemea aweke kitambaa na kupiga cherehani. Mzee akakataa kwa kichwa. Kila tundu la sindano kwenye kitambaa kile chembamba ni mlango wa manyoya. Ukishona kiraka chenye mishono arobaini umefungua milango arobaini. Badala yake alisafisha eneo kwa spiriti, akaacha likauke, akakata kiraka cha nailoni yenye gundi kinachozidi mchaniko kila upande, na akakizungusha kona zote kwa mkasi. Kona kali hunyanyuka kwanza. Akakibandika, akakisugua kwa mgongo wa kijiko mpaka kikashikana. Pasi haikutumika, nailoni ingeyeyuka. Mahali ambapo kushona hakuepukiki, kama kwenye mshono wenyewe uliofumuka, hutumia sindano nyembamba kuliko zote na uzi wa poliesta, kisha hupaka gundi laini juu ya matundu.

Akanifundisha pia la unyoya unaochungulia. Mkono wa mwanadamu ukiona unyoya umetokeza, huuvuta. Usiuvute: unatoka na wenzake na tundu linabaki pana. Ushike kutoka upande wa pili wa kitambaa, uvute urudi ndani, kisha sugua tundu kwa ukucha lijifunge. Malipo yake yote, zipu na kiraka, yalikuwa pungufu ya nauli yangu ya basi.

Juni nilirudi, mlima safari hii uko wazi, na tukaingia geti la Machame. Sitasimulia kupanda, wameshasimulia wengi, na picha za kileleni zimejaa kila simu. Nitasema usiku tu.

Usiku wa kwanza, kambi ya Machame, karibu mita 3,000, bado uko msituni na hewa imejaa maji. Baridi si kali na mtu anajifunika mpaka kichwani, anapumulia ndani. Mwongozaji wetu alipita kwenye mahema akikataza. Pumzi ni mvuke. Mvuke ukiingia kwenye manyoya usiku wa kwanza, unaubeba hadi kambi ya Barafu. Kofia inakazwa kuzunguka uso, pua na mdomo vinabaki nje. Nguo mbichi hazilali na mwenyewe ndani ya slipingi, hata kama unaambiwa zitakauka kwa joto la mwili. Zitakauka kweli, na maji yake yatahamia kwenye manyoya.

Shira, karibu mita 3,800, ni uwanda wazi na asubuhi jua linakuja mapema. Kambi nzima iligeuka ua wa dobi: slipingi zimegeuzwa nje ndani, zimetandazwa juu ya mahema, zinatoa mvuke mbele ya macho. Nusu saa inatosha. Hapo pia niliona matengenezo ya mlimani. Mpandaji wa kundi jingine alikanyaga slipingi yake kwa kiatu na kuichana. Mwongozaji wake alitoa chupa ya maji iliyozungushiwa selotepu ya kijivu, akakata kipande, akazungusha kona kwa meno. Mshono uliofumuka pembeni akaufunga kwa uzi wa kusafishia meno, ambao hauozi na haukatiki kirahisi. Selotepu ile ni ya dharura tu, gundi yake huacha nta chafu, na ukishuka unaitoa uweke kiraka cha kweli.

Barafu, karibu mita 4,670, hakuna maji; yanabebwa kutoka bonde la Karanga. Unalala jioni na kuamshwa kabla ya usiku wa manane. Joto linashuka chini ya sifuri na upepo hautulii. Pale unaelewa kwa nini kigodoro cha sponji kinahesabika sawa na slipingi: manyoya yaliyo chini ya mgongo yamebanwa na uzito wako, hayana hewa, na baridi ya mwamba inapanda moja kwa moja. Slipingi yangu ya Karume ilinitunza. Jirani yangu wa hema alikuwa amenunua ya bei mbaya kutoka Ulaya, ameihifadhi kwenye kifuko kabatini miaka, na alivaa nguo zake zote.

Yeye alinionesha lebo yake kwa hasira. Lebo zile zina namba tatu, kwa kipimo cha kimataifa cha ISO 23537 kilichochukua nafasi ya kile cha Ulaya, EN 13537, mwaka 2016. Ya kwanza ni ya kulala kwa starehe, na imepimwa kwa mwanamke wa wastani. Ya pili ni mpaka wa mwanamume wa wastani aliyejikunyata. Ya tatu ni ya kunusurika tu. Wauzaji hupenda kuandika ya pili au ya tatu kwa maandishi makubwa. Nunua kwa ya kwanza, na ujue kwamba zote zilipimwa slipingi ikiwa mpya.

Kuna jambo moja la stoo ya Soweto ambalo sijalisema. Mwishoni mwa lile bomba, karibu na mlango, zilikuwepo slipingi nyembamba, zimepauka, nyingine zina viraka juu ya viraka. Nilidhani zinasubiri kutupwa. "Hizo ni za wagumu," dada aliniambia. Slipingi ikiwa mpya inakodishwa kwa mgeni. Ikipungua unene inakwenda kwa mwongozaji. Ikipungua tena inakwenda kwa mpagazi, anayelala kambi ileile, kwenye mwamba uleule, baada ya kubeba mzigo unaoruhusiwa kufika kilo 20. Dada anazifua zile kwa maji yaleyale na kuzichambua kwa vidole vilevile, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo heshima. Lakini ufuaji haurudishi sufi iliyokufa. Moshi lipo shirika, Kilimanjaro Porters Assistance Project, lililoanzishwa 2003, linaloazima wapagazi nguo za baridi bila malipo, na linapokea vifaa kutoka kwa wapandaji wanaoshuka. Ukishuka na slipingi nzuri usiyoihitaji tena, pa kuiacha unapajua.

Na ukienda kukodi, usiipokee ikiwa kwenye kifuko. Omba itandazwe, subiri inywe hewa, ifunge na kuifungua zipu mwanzo hadi mwisho mara mbili, iwashie tochi ndani, uliza ilifuliwa lini. Kisha uliza wagumu wako watalalia nini, na uombe kuona slipingi zao pia. Mzee wa zipu hufungua asubuhi na kufunga jua likizama. Jumapili hayupo.